Kikohozi cha Shangazi

Kitendawili: anakula mawe, anakunywa maji, anapumua moshi, na anatembea bila miguu. Ukishindwa usinipe mji, mji wangu unanitosha. Ni meli ya makaa.

Meli ninayoiandikia hapa ilikuwa ya mizigo, ya chuma tupu, yenye bomba moja refu la moshi na milingoti miwili ya kuinulia shehena. Ilipofika kwetu ilikuwa imeshakula miaka thelathini majini. Ubavuni ilikuwa na jina, nalo lilikuwa la tatu. Ukipitisha kidole juu ya rangi ulikuta herufi za majina mawili ya zamani bado zimevimba kwa chini, kama makovu ya chanjo. Hakuna aliyeiita kwa jina lolote kati ya hayo matatu. Gatini iliitwa Shangazi, kwa sababu haikuja mikono mitupu na haikuja kwa wakati.

Ilileta saruji, chumvi na mbao, ikaondoka na pamba na ngozi. Safari moja, kwenda na kurudi, ilikuwa siku kumi na mbili zikienda vizuri, na kumi na sita zikienda kama kawaida. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona magunia. Gunia lililochanwa na ndoano za wapagazi lilivutwa pembeni mwa ghala, nasi wanawake saba tukaliziba kwa shazia na uzi wa katani kabla halijamwaga kilichomo. Baba yangu alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya Shangazi tangu siku ilipotia nanga kwetu mara ya kwanza. Mume wangu alishika usukani wake. Wenzangu walinitania, "Wewe hukuolewa na mtu, uliolewa na meli. Baba yuko chini, mume yuko juu, na wewe unamshonea nguo."

Sasa nieleze honi, maana bila honi hamtanielewa.

Honi ya Shangazi ilikuwa ya shaba, imefungwa juu karibu na bomba la moshi, na ilipigwa kwa mvuke. Kamba yake ilishuka hadi chumba cha usukani. Mvuke ukilala ndani ya bomba la honi hupoa ukawa maji, kwa hiyo chini yake huwekwa koki ndogo ya kuyatoa. Koki ya Shangazi ilikuwa imeziba. Ukivuta kamba ghafla, honi ilitema maji badala ya kulia. Basi mabaharia walikuwa na mtindo wao. Nahodha alisema, "Mkohoze." Mume wangu aligusa kamba kidogo tu, maji yakatoka na sauti fupi ya mtu mwenye mafua: khoh! Kisha nahodha alisema, "Piga," ndipo akavuta, na sauti yenyewe ikatoka, nene, iliyofika hadi nyuma ya maghala.

Gatini sote tuliijua. Shangazi akikohoa tu, wanawake wenye waume ndani walibandika chai. Kulikuwa na karani mmoja wa forodha aliyevaa koti lake kwa kusikia kikohozi, na sauti ilipotoka alikuwa ameshafika mlangoni. Lakini ukimwuliza yeyote kati yetu, "Shangazi amepiga honi ngapi?" angekwambia moja. Kikohozi hakikuwa honi. Ni kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema "hodi". Huhesabu kuwa amebisha mara mbili.

Meli mbili zikikutana penye njia nyembamba husemeshana kwa honi. Mlio mmoja maana yake: ninaelekea kulia kwangu. Milio miwili: ninaelekea kushoto kwangu. Mwenzake hujibu vilevile alivyoambiwa, kuonyesha kwamba amekubali. Mazungumzo yote ndiyo hayo, mafupi kuliko salamu za mawifi waliogombana.

Katika lango la bandari yetu palikuwa na feri iliyovusha watu wa kiwanda cha nguo asubuhi na jioni. Nahodha wake wa zamani alistaafu, akaletwa mwingine kutoka bandari ya mbali. Miezi miwili ya kwanza ya mgeni huyo, Shangazi ilikuwa imepandishwa chelezoni kukwanguliwa tumbo, kisha ikaenda zake safari. Hawakuwahi kukutana.

Walikutana Jumanne, saa moja na robo asubuhi, kwenye manyunyu na ukungu. Shangazi ilikuwa inaingia na tani elfu moja na mia mbili za saruji. Feri ilikuwa inatoka imejaa. Walionana wakiwa karibu, kila mmoja akiwa kivuli tu kwa mwenzake. Nahodha wa Shangazi alisema mkohoze, kisha akasema piga, kisha akaamuru usukani uende kulia. Feri ikajibu: mbili. Ikageukia kushoto kwake, ambako ndiko kulia kwa Shangazi. Nahodha aliamuru mashine zirudi nyuma kwa nguvu zote. Zilirudi, lakini meli haikurudi. Pua yake iliingia ubavuni mwa feri, katikati, palipokuwa na mabenchi ya wanawake.

Walikufa watu thelathini na wanne. Wengi walikufa maji, wengine walibanwa. Mabaharia wa Shangazi waliopoa watu hamsini na moja kwa kamba, ngazi na mikono. Mume wangu alirudi nyumbani saa tisa alasiri, akavua viatu mlangoni, akasema, "Wamejibu mbili. Kwa nini walijibu mbili?" Hakula.

Baraza la uchunguzi lilikaa wiki tatu baadaye, katika ukumbi wa ghorofani wa ofisi ya bandari. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, feni iliyolia kila ikizunguka, na mabenchi yaliyoletwa kutoka chumba cha abiria. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni.

"Ulipiga honi mara ngapi?" alimwuliza mume wangu.

"Mara moja, mheshimiwa."

"Mashahidi kumi na tisa waliokuwa kwenye feri wamesema mbili."

"Mara moja, mheshimiwa."

"Na nahodha wa feri amesema mbili, akajibu mbili. Ulipomsikia hukushangaa?"

"Nilishangaa sana, mheshimiwa. Nahodha wetu pia. Tulirudisha mashine nyuma palepale. Lakini saruji haijui kusimama."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona haya, akajifanya anapiga chafya.

Nahodha wa Shangazi naye alisema moja. Wachochea makaa walisema hawajui, kule chini husikia kengele tu. Baba yangu alisema hivyohivyo, na ilikuwa kweli.

Jioni ya siku ya pili mwenyekiti alisema wazi. Mmoja kati ya pande hizi mbili anasema uongo juu ya roho za watu thelathini na wanne. Ijumaa baraza litaamua ni nani, na huyo atapelekwa mahakama ya jinai. Wote ukumbini waligeuza shingo wakamtazama mume wangu. Kumi na tisa kwa wawili, hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita niliiweza.

Gatini hawakungoja Ijumaa. Wapagazi walishampa jina. "Bwana Mara Moja! Umekunywa vikombe vingapi leo?" Mwingine akijibu kwa niaba yake, "Mara moja!" "Na jela utakwenda lini, bwana?" "Mara moja tu, mzee, naja!" Wakacheka na kubeba gunia lingine. Alipita katikati yao amenyooka kama mlingoti. Nyumbani alikaa kitandani na kunihakikishia kama vile mimi ndiye mwenyekiti: "Nilivuta mara moja. Mkono huu huu."

"Najua," nilimwambia. Nilijua kweli.

Alhamisi baraza lilipopumzika mchana, nilikaa kwenye benchi nje ya ukumbi nikila mkate. Kando yangu aliketi mama mmoja mkono wake ukiwa umefungwa shingoni kwa kitambaa. Hakunijua mimi ni nani. Nilimmegea mkate, akapokea.

"Ulikuwemo?" nilimwuliza.

"Nilikuwemo. Mimi na binti yangu. Mimi nilitoka." Alitafuna polepole. "Halafu anasimama mwanamume mzima anasema moja. Nilizisikia kwa masikio yangu. Ya kwanza fupi, ya majimaji, kama mtu anayetema. Ya pili ndiyo nene."

Nami, Mungu anisamehe, niliropoka. "Aa, ile si honi, dada yangu. Ile amekohoa tu."

"Nani amekohoa?"

Niliuweka mkate chini. Nilimtazama, naye alinitazama, na ndipo nilipoisikia Shangazi kwa mara ya kwanza maishani kama anavyoisikia mtu ambaye hakuzaliwa karibu nayo. Khoh. Kisha honi. Moja, mbili. Hata mtoto wa chekechea angehesabu hivyo.

"Nani amekohoa?" alirudia.

"Ngoja, dada," nikasema. "Nakuja. Usiondoke."

Nilimkuta mume wangu nyuma ya ofisi, kwenye bomba la maji, ananawa uso.

"Siku ile mlimkohoza?"

"Tulimkohoza. Bila kumkohoza angeliaje?"

"Uliwaambia?"

"Niliulizwa honi, sikuulizwa..." Maji yaliendelea kumwagika juu ya viatu vyake. Niliona uso wake ukibadilika kama wa mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe kaushika mkononi. Alifunga bomba, akalifungua tena, akalifunga.

"Basi panda ukawaambie," nikasema.

"Wataniuliza kwa nini inakohoa."

"Kwa sababu koki imeziba."

"Na koki ni ya nani?"

Hapo mimi nikainama kutazama viatu vyake vilivyolowa.

"Ni ya mzee," akasema. "Siwezi kusimama mbele ya watu nikamtaja baba mkwe wangu. Aliniozesha binti yake. Heri wanifunge."

"Wakikufunga mimi nitakula nini, heshima?"

"Mke wangu, usinilazimishe."

Sikumlazimisha. Nilirudi kwenye benchi, yule mama alikuwa ameshaingia ndani. Nikafunga leso yangu vizuri nikaenda kwa baba.

Baba alikaa chumba kimoja nyuma ya karakana, tangu mama alipofariki. Mezani alikuwa ameifungua saa ya kengele, na kila kipande kilikuwa kwenye kifuniko chake cha kopo, vimepangwa kwa zamu ya kutoka. Hakuinua kichwa.

"Karibu, mama." Aliniita hivyo tangu utoto, kwa kuwa nilichukua jina la mama yake.

Nilimweleza yote, bila kutia chumvi. Aliponisikia nikisema majimaji, mkono wake ulisimama.

"Alisema fupi? Halafu nene?"

"Ndiyo, baba."

Aliingiza skrubu moja, akaikaza, akaifungua tena. "Mimi nilikuwa chini. Niliwaza mashine, niliwaza usukani, niliwaza kengele. Wiki tatu sijawaza koki." Kisha akaniuliza, "Unakumbuka mwaka ule niliizibua?"

Sikukumbuka. Halafu nikakumbuka.

"Ulikuwa na miaka kumi," alisema. "Iliingia bandarini inalia safi, hakuna aliyeitambua. Chai haikubandikwa. Karani alichelewa. Mabaharia wakaja kwangu, fundi umemnyang'anya Shangazi sauti. Wewe ulilia siku mbili, ukasema hii ni meli ya watu wengine, nirudishie yangu. Nikasema haya, ikiziba yenyewe sitaigusa. Ikaziba."

"Baba, usiseme hilo mbele yao."

"La kulia kwako? Hilo halihusu mvuke." Alifunika vipande vya saa kwa gazeti. "Kesho nitakwenda."

"Watachukua cheti chako."

"Watachukua. Kimeshakuwa na mikunjo mingi."

Ijumaa alivaa shati jeupe akapanda ngazi kabla ya kuitwa. Aliwaambia habari ya koki kwa maneno machache, jinsi mtu anavyoeleza mashine kwa asiyejua mashine. Mwenyekiti alimsikiliza, akavua miwani, akasema anataka kusikia mwenyewe.

Shangazi ilikuwa imefungwa gatini, chini ya madirisha ya ukumbi ule ule, pua yake imekunjika kama kopo lililokanyagwa. Waliwasha moto mdogo wa kutosha honi. Ilichukua hadi saa nane mchana. Mume wangu aliambiwa apande, afanye vile vile anavyofanya siku zote, asiongeze wala asipunguze. Madirisha yalifunguliwa.

Khoh. Kisha ile sauti nene, ikafika nyuma ya maghala.

Mwenyekiti alimgeukia karani wa bandari aliyekaa kulia kwake. "Umesikia ngapi?"

"Moja, mheshimiwa," alijibu yule karani haraka, na hakuwa mwongo.

Akamgeukia mpiga chapa aliyekuja naye kutoka mjini kwake. "Na wewe?"

"Mbili."

Mwenyekiti akaomba waliosikia moja wainue mikono. Wakainua wapagazi, wakainua washona magunia, wakainua wake wa mabaharia. Akaomba waliosikia mbili. Wakainua watu wa kiwandani kutoka ng'ambo, wanajeshi wawili waliolinda mlango, na nahodha wa feri, ambaye aliinua mkono huku machozi yanamtoka. Mimi sikuinua kwa moja wala kwa mbili.

Tangu siku ile ninacho kitendawili ambacho hakuna mjukuu aliyenitegulia: nyumbani kwangu kuna mtu, mimi simwoni, mgeni akiingia humhesabu. Wananijibu kivuli, wananijibu jini. Nawaambia hapana.

Baraza liliandika kwamba hakuna aliyesema uongo. Nahodha wa feri aliachiwa. Mume wangu aliachiwa, na wapagazi waliacha lile jina, ingawa si mara moja. Nahodha wa Shangazi alisimamishwa mwaka mzima kwa kwenda na honi mbovu. Baba alinyang'anywa cheti moja kwa moja. Waliokufa walibaki thelathini na wanne.

Meli yenyewe iliwekewa pua mpya na koki mpya, fundi mwingine akashuka chini, ikafanya kazi miaka kumi na sita zaidi. Ilibeba saruji, chumvi na mbao kama zamani. Ilikwama kwenye mchanga mara moja, ikapoteza nanga mbili, haikugonga tena mtu wala kitu. Zilipokuja meli zinazokwenda kwa mafuta ilifanywa ghala la makaa, kisha likaisha hata hitaji la ghala. Waliikata vipande kwa moto wa gesi, miezi mitano, ikachukuliwa na malori kwenda kuyeyushwa. Mume wangu alikuwa anashika usukani wa meli nyingine wakati huo. Alipita akaitazama siku moja, akasema mabati yake ya tumboni yalikuwa mazima kabisa.

Lakini liko jambo nimeliruka, nalo ni la wiki ile ile baada ya uamuzi, kabla koki haijabadilishwa. Yule mama mwenye mkono uliofungwa alikuja ghalani akaniulizia. Nilidhani amekuja kunitukana. Nikasimama, shazia mkononi.

"Nataka kuiona," alisema.

"Meli?"

"Hiyo koki."

Nilimpeleka kwa baba. Baba hakumwuliza kitu. Alichukua kofia yake, tukapanda Shangazi watu watatu, tukapita chumba cha usukani, tukapanda ngazi ya chuma nyuma ya bomba la moshi. Baba alipangusa masizi kwa kiganja, akamwonyesha. Ilikuwa ya shaba, imegeuka kijani, ukubwa wa kidole gumba.

"Hii tu?"

"Hiyo tu, mama."

Aliigusa. Akajaribu kuizungusha, haikuzunguka. "Kuizibua ni kazi ya muda gani?"

"Nusu saa. Na spana moja."

"Na hukuizibua."

"Niliwahi kuizibua. Nikaiacha ikaziba tena."

"Kwa nini?"

Baba aliangalia koki. Niliona anatafuta neno ambalo lisingenihusu, na halikuwepo.

"Tuliipenda hivyo," nikasema mimi. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilikuwa mtoto. Lakini tuliipenda wote."

Yule mama aligeuka kunitazama. Chini, wapagazi walikuwa wanapigiana kelele juu ya mbao. "Mliipenda," alisema, si kwa kuuliza. Akajifuta kidole chenye masizi kwenye kitambaa cha mkono wake mbovu.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda kwenye ngazi zile, hasa kwa mtu wa mkono mmoja. Baba alitangulia, akawa anashuka kidato kimoja kimoja na kungoja, na yule mama akaweka mkono wake mzima juu ya bega la baba, akaushikilia pale hadi chini.